Kiti cha Stafurumu

Mwishoni mwa 1929, walimu wengi wa shule za misheni huko Uagikuyuni waliwekewa karatasi mezani. Uweke sahihi au kidole gumba kwamba umekataa tohara ya wasichana, ama uende nyumbani. Watu waliiita kirore. Waliokataa walipoteza kazi, na baadhi yao wakaenda kuanzisha shule huru.

Sitetei tohara hiyo. Ni ukatili, na leo ni kosa kisheria. Kinachonishughulisha ni ile meza. Mtu mmoja alishika mshahara wako, darasa lako na nafasi yako kanisani, zote kwa mkono mmoja. Mwalimu wa siku hizo alifundisha hesabu wiki nzima, na Jumapili mara nyingi akaongoza sala. Ukikosana na bwana wa misheni umekosana na kila kitu.

Hiyo ndiyo sababu moja iliyofanya walimu waunde KNUT mwaka wa 1957. Walikuwa na waajiri wengi mno, misheni huku, serikali za wilaya kule, na masharti tofauti kwa kazi ileile. Walitaka mwajiri mmoja, na TSC ikaanza 1967. Kwenye karatasi, hedi hangeweza tena kukufuta kwa sababu hakupendi.

Lakini hedi alibaki na kalamu. Ripoti ni yake, ratiba ni yake, ruhusa ya kwenda hospitali ni yake. Kwa mwalimu aliyeajiriwa kabisa, hilo ni kero tu. Kwa aliye na kandarasi ya mwaka mmoja, ni kamba shingoni.

Na kandarasi zikarudi. Gredi ya 7 ilipoanza 2023, sekondari msingi iliwekwa ndani ya shule za msingi, chini ya hedi wa msingi. Wanagenzi wengi walioletwa walikuwa na digrii, na malipo yao yalikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Rafiki yangu alikuwa mmoja wao. Siku ya kwanza stafurumu aliambiwa kiti alichokalia kina mwenyewe. Cha pili pia kilikuwa na mwenyewe. Akawa anasahihisha vitabu chini ya mwembe. Chai ya saa nne haikumhesabu. Alipewa masomo ambayo hakuyasomea, kisha akakemewa mbele ya wanafunzi kwa kuyafundisha vibaya. Alipolalamika aliulizwa kwa upole, "Kwani mwalimu, kandarasi yako inaisha lini?"

Kufikia muhula wa pili, Jumapili jioni tumbo lilikuwa linamkata. Alilala saa tatu au nne hivi. Alikuwa ameanza kuwafokea watoto, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Mwenye kile kiti, kumbe, aliingia kazini miaka ya themanini akiwa UT, mwalimu asiye na mafunzo. Siku hizo alitumwa sigara na wenzake kama mtoto. Akavumilia, akapata cheti chake cha P1, akafundisha miaka thelathini. Halafu akaletewa msichana wa miaka 25 mwenye digrii. Alimwambia rafiki yangu, "Sisi tulinyamaza." Nadhani alidhani anamsaidia.

Aprili 2024 mahakama ya leba ilisema TSC haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Mei, walimu wa sekondari msingi walikuwa barabarani. Nilikuwa na rafiki yangu siku moja. Alipiga filimbi mpaka sauti ikaisha, na usiku huo, aliniambia, alilala mpaka asubuhi. Januari 2025, wanagenzi wapatao 46,000 wakaingizwa kwenye ajira ya kudumu, yeye akiwemo.

Sasa ana kiti, karibu na dirisha. Wanagenzi wapya walipoletwa nilimuuliza wanakaa wapi. Akacheka kidogo, akasema stafurumu yao ni ndogo sana, halafu akaniuliza kama nimekula.