Milima ya Uluguru yahitaji mwongozaji

Msafiri atokaye Dar es Salaam, afikapo Mikese, huiona milima ya Uluguru upande wa kushoto, vilele mara nyingi vikiwa mawinguni. Kilele cha Kimhandu huzidi mita 2,600. Hakuna theluji wala umaarufu wa Kilimanjaro, lakini si milima ya kudharauliwa: ukungu hushuka ghafla, mteremko huteleza, na asiye na mwenyeji hupotea. Kutoka Morogoro mjini, Morningside, penye nyumba ya enzi za Wajerumani, ni mwendo wa saa chache. Kilele cha Lupanga ni kazi ya siku nzima. Msitu huo, ambao mwaka 2008 ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia, hauingiwi bila kibali. Humo ndimo zinamoanzia chemchemi za Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam.