Komisyo kwenye mtandao: namna ya kushinda woga na haya ya kuanza

Vijana wengi wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira wamekwisha kusikia neno afiliasyo. Wamoja walifuata formasyo kwa WhatsApp, wengine waliangalia video nyingi kwa YouTube, wakafungua hata konti. Kisha kazi inasimama palepale. Miezi inapita, kiungo kiko ndani ya simu, na hakuna mtu hata mmoja aliyetumiwa.

Ukiwauliza sababu, watakwambia mega ni bei, mtaji hakuna, usalama haueleweke. Hizo ni sababu za kweli. Lakini kuko nyingine isiyosemwa sana: woga na haya. Makala hii inaeleza kazi hiyo inatembea namna gani, woga gani unafunga watu miguu bure, woga gani unafaa kusikilizwa, na namna ya kufanya hatua ya kwanza pasipo kupoteza feza wala heshima.

Afiliasyo ni kitu gani?

Kwetu kila mtu anamjua komisyonere. Nyumba haiko yake, parsele haiko yake, lakini anajua nani anatafuta na nani anapangisha. Akiwakutanisha na wakipatana, anapata sehemu yake. Wasipopatana, anarudi nyumbani mikono mitupu.

Afiliasyo ni kazi ileile, lakini kwenye mtandao. Muuzishaji anakupa kiungo, maana yake anwani ya kubonyeza, chenye alama yako ndani. Mtu akikibonyeza na akinunua, muuzishaji anaona ya kwamba ametoka kwako, na anakulipa komisyo. Asiponunua, hakuna kitu.

Kampuni iliyofanya njia hii ijulikane sana ni Amazon ya Marekani, iliyoanzisha programu yake mwaka 1996. Mfano wake unasaidia kuelewa hesabu. Kwenye mtandao wake wa Marekani, komisyo ya kitabu cha karatasi ni asilimia 4.5. Kitabu cha dola 20 kinakuletea senti 90. Tena mtu akibonyeza kiungo chako, una saa 24 tu: zikipita na hajaweka kitu kwenye kikapu chake, hesabu yako imefutika. Na konti mpya isiyoleta wanunuzi 3 kwa siku 180 inafungwa. Yule anayefungua konti leo, halafu anangojea mpaka ajisikie tayari, siku zake zimeanza kuhesabiwa.

Vitu visivyosafirishwa, kama vile masomo ya video, vitabu vya kusoma kwa simu ao programu za kompyuta, mara mingi vinatoa asilimia kubwa zaidi. Lakini upande huo njo wadanganyifu wengi wanapenda kujificha. Tutarudi kwa jambo hilo.

Kuko pia njia ya karibu. Unapatana na muuzishaji wa mji wako, wa panneau za jua, wa vitenge ao wa vifaranga, kwamba kila mteja anayekuja na jina lako atakuletea kiasi fulani. Haiombi konti ya ng'ambo wala kadi ya banki. Kwa mtu wa kwetu anayeanza, mara mingi hiyo ni mlango mwepesi zaidi.

Woga unaofunga watu miguu bure

Wa kwanza ni haya. «Watu watasema nini?» Mtu alimaliza masomo, ana diplome, na leo anaweka picha za viatu kwenye statut yake. Anafikiri kartie yote itasema amekosa kazi. Watafiti wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na Thomas Gilovich, walipima haya ya namna hii na wakatangaza matokeo mwaka 2000. Walivalisha wanafunzi tisheti yenye picha ya mwimbaji ambaye vijana wa pale walimwonea haya, wakawaingiza katika chumba chenye wenzao. Waliovaa walifikiri karibu nusu ya watu wameona ile picha. Kwa kweli ilikuwa karibu robo tu. Macho ya watu hayako juu yetu sana vile tunavyofikiri. Hata statut yako, wengi wanaipitisha kwa kidole wakitafuta habari za wao wenyewe.

Wa pili ni woga wa kuitwa mwizi. Kwetu woga huu una mizizi. Wazee wanakumbuka Bindo Promotion, mchezo wa feza ulioanguka Kinshasa mwaka 1991 na kuacha familia nyingi bila akiba. Tangu pale michezo mingine imepita, na majina mapya. Kwa hiyo mtu mwema anaogopa kutuma kiungo, asionekane kama wale. Dawa yake ni kusema wazi. Andika: «Ukinunua kupitia hapa, mimi napata komisyo. Bei yako haibadilike.» Amazon yenyewe inalazimisha washiriki wake watangaze ya kwamba wanalipwa. Kisha usisifu kitu usichokijua. Kama hujakitumia, ongea na mtu aliyekitumia.

Wa tatu ni woga wa kupoteza. Mwaka 1979, Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza ya kwamba uchungu wa kupoteza unapita furaha ya kupata kiasi kilekile. Kupoteza dola 10 kunauma kuliko vile kupata dola 10 kunavyofurahisha. Na kwa nyumba inayokula kwa jasho la siku, ile dola 10 ni unga na minerval ya mtoto. Woga huo hauko ujinga. Kwa hiyo usijilazimishe kuwa shujaa. Punguza kile kinachoweza kupotea. Anza na mega zile unazonunua kila wiki, na saa moja ya jioni. Usiguse feza ya likelemba, wala ya AVEC, wala usikope.

Wa nne unavaa nguo ya kazi: ni kujifunza bila mwisho. Formasyo moja inaisha, nyingine inaanza, daftari limejaa. Mtu anajisikia ametumika, lakini hakuna mteja aliyesikia sauti yake. Jiulize swali moja: tangu formasyo ya mwisho, nilizungumza na wanunuzi wangapi? Kama jibu ni sifuri, formasyo ya pili haitakusaidia.

Wa tano ni kimya. Umetuma mara tatu, hakuna jibu, unasema «mimi siko na bahati». Angalia mama anayezungusha samaki ndani ya kartie. Anapita milango mingi, wachache wanafungua, wachache zaidi wananunua. Mlango ukifungwa, halii. Anabadilisha barabara, ao anakuja saa ingine, wakati watu wanafikiria chakula cha magaribi. Kimya hakimaanishi umekataliwa. Mara mingi kinamaanisha ulimfikia mtu asiyehitaji kitu hicho leo.

Woga unaofaa kusikilizwa

Si kila woga ni adui. Kuko unaokulinda, na unapaswa kuupa nafasi kabla ya kuanza. Namna ya kuujua ni hii: woga unaolinda unaweza kuugeuza kuwa swali, na swali hilo lina jibu unaloweza kuchunguza. Haya haina jibu la kuchunguza. Inaisha kwa kutenda.

Uliza haya:

Je, wanataka nilipe kwanza ndipo nipate ruhusa ya kuuzisha? Ukiambiwa ndiyo, simama. Programu za kweli kama ile ya Amazon haziombi malipo ya kuingia.

Feza inatoka wapi? Kama inatoka kwa kitu kilichouzwa kwa mtu anayekitumia, ni biashara. Kama inatoka kwa watu wapya unaoingiza, ni piramidi, hata waiite afiliasyo.

Je, wanaahidi faida ya kila siku? Komisyonere hajui kesho atapangisha nyumba ngapi. Anayekuahidi kiasi fulani kila siku anakudanganya.

Nitalipwa kwa njia gani, na kuanzia kiasi gani? Programu nyingi za ng'ambo zinaomba konti ya banki, na hazilipi kabla komisyo yako haijafika kiasi walichoweka. Mwaka 2025 banki zilifunga milango Goma na Bukavu, na watu wakategemea zaidi feza ya simu. Basi uliza mapema kama malipo yanaweza kufika kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kama hayawezi, na huna njia nyingine, tafuta programu ingine. Na namba ya siri ya simu yako haiombwe na mtu yeyote. Anayeiomba ni mwizi.

Majibu yakikosekana, woga wako ulikuwa na haki. Acha, na usione haya kuacha. Majibu yakipatikana na yakiwa mazuri, kinachobaki ni haya tu.

Kutoka kwenye woga mpaka kwenye kitendo

Kuko utafiti mmoja wa Afrika unaofaa kujulikana. Huko Lomé, Togo, watafiti walifuata wafanyabiashara wadogo 1,500. Kikundi kimoja kilifundishwa biashara ya kawaida: hesabu, soko, namna ya kuongoza. Kingine kilifundishwa kujituma: kuanza bila kungojea kusukumwa, kutafuta njia mpya, kuvumilia kizuizi. Cha tatu hakikufundishwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Kwa miaka zaidi ya miwili waliyofuatwa, faida ya waliofundishwa kujituma ilipanda asilimia 30 kuliko ya wale wasiofundishwa. Kwa waliofundishwa biashara ya kawaida ilikuwa asilimia 11, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati tu. Wale walikuwa na biashara zao tayari, hawakuwa watu wa afiliasyo. Lakini somo linatufaa: moyo wa kuanza unafundishika, kama hesabu.

Njia moja nyepesi ya kuufundisha ilielezwa na mtaalamu wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, mwaka 1999. Badala ya kusema «nitajaribu wiki hii», unaamua mapema wakati na kitendo: «Ikifika hivi, nitafanya hivi.» Kwa mfano: «Nikimaliza kula magaribi, kabla ya kufungua Facebook, nitamwandikia mtu mmoja.» Ao: «Mtu akinicheka, nitamjibu kwamba najaribu kazi, kisha nitaendelea.» Uamuzi umekwisha kufanyika, woga ukija, haukuti tena nafasi ya kubishana.

Wiki ya kwanza inaweza kupangwa hivi:

1. Chagua kitu kimoja tu, kile unachokijua na ambacho watu unaowafahamu wanatafuta.

2. Uliza maswali ya malipo tuliyotaja hapo juu, na uandike majibu.

3. Andika ujumbe mmoja mufupi, kwa Swahili ya nyumbani. Kwa mfano: «Dada, habari ya leo? Juzi ulisema taa yako inazimika mapema na watoto hawasomi. Kuko muuzishaji mwenye taa za jua; mimi ninatumia moja nyumbani tangu mwezi wa tatu. Ukinunua kwa jina langu, ananipa komisyo kidogo, bei yako ni ileile. Ukitaka kuiona kwanza, pita kwetu.»

4. Tuma kwa watu watatu ambao kweli wana shida hiyo. Usitupe kiungo katika vikundi vyote vya kanisa, vya familia na vya masomo. Pale njo watu wanachoka na wewe.

5. Andika ndani ya daftari: nani, siku gani, aliuliza nini. Swali linalorudi mara mbili linakuonyesha kitu cha kuongeza katika ujumbe wako.

6. Siku ya saba, badilisha kitu kimoja tu: saa ya kutuma, maneno, ao watu unaowatafuta.

Neno moja juu ya ndugu. Wengi wanaanza kwa shangazi na kaka, halafu wanakasirika wakikataliwa. Ndugu hana deni la kununua kwako. Mwambie mara moja, kwa heshima, na akikataa usirudie. Mteja wa kweli ni yule mwenye hitaji, hata kama hamjuane.

Mwisho, weka kikomo tangu mwanzo. Kwa mfano miezi mitatu ya kujaribu kwa bidii, na kiasi cha mega kisichozidishwa. Kikomo kikifika na hesabu ya daftari haionyeshe kitu, unaweza kuhama kwenda kwa bidhaa ingine ao kazi ingine pasipo haya. Afiliasyo haichukui nafasi ya shamba, wala ya meza ya soko. Kwa wengi inabaki nyongeza ndogo. Lakini mtu aliyetuma ujumbe watatu na kuandika majibu anajua leo kitu ambacho video ishirini hazikumfundisha: watu wa kwake wanahitaji nini, na wanauliza nini kabla ya kutoa feza yao.