Maneno Yaliyokaa Nje ya Picha

Binamu yangu ni kiziwi. Tulipokuwa wadogo mjini Shinyanga tulikuwa tukiingia naye kwenye kibanda cha video na kukaa benchi la mbele kabisa. Mtafsiri alikuwa ameshaingiza sauti yake kwenye kanda: Mchina anafungua kinywa, Kiswahili cha Dar kinamtoka. Kibanda kizima kinapasuka kwa kicheko. Binamu anatugeukia, anatutazama nyuso, halafu anacheka naye, amechelewa kidogo. Nilidhani anafurahia filamu. Kumbe alikuwa akicheka kicheko chetu.

Ndugu msomaji, historia ya sinema kwetu husimuliwa zaidi kwa picha: nani alileta mashine, nani alifungua ukumbi. Mimi leo nataka kuuliza habari ya maneno. Maneno ya filamu yalikaa wapi, na aliyashika nani?

Mwaka 1935, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walianzisha huko Vugiri, milima ya Usambara, mradi wa sinema za kuwafundisha Waafrika. Fedha zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mradi unakufa mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu zaidi ya 30. Sasa sikiliza: filamu zile hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, zikapigwa pembeni wakati picha inakwenda. Kwa hiyo picha ileile iliweza kusema Kiswahili hapa, Kisukuma kule, Kiganda ng'ambo ya ziwa. Unabadilisha sahani tu.

Akili nzuri, lakini ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, sahani na filamu zilipishana mwendo, sauti ikawa inaeleza jambo ambalo picha imeshalipita. Pili, Msukuma alisikia lugha yake, ila cha kusema kilikuwa kimeamuliwa na wenye mradi.

Watafsiri wa video waliigeuza kasoro hiyo ya pili. Derek Mukandala, aliyefahamika kwa jina la Lufufu, alianza kwa kutafsiri kwa mdomo mbele ya watazamaji, baadaye akawa anarekodi sauti yake kwenye kanda za VHS na kuziuza. Hakuwa anatafsiri neno kwa neno. Aliongeza utani, akaeleza tabia za Wazungu, akaonya, akakosoa. Mtafiti Matthias Krings aliipa makala yake juu ya kazi hiyo jina la kugeuza wali kuwa pilau, na ndivyo ilivyokuwa. Mswahili alikuwa ameyashika maneno. Sema pilau lenyewe liliingia kwa masikio. Asiye na masikio alibaki na harufu.

Wakati huo Marekani walikuwa na jibu tayari. Tarehe 16 Machi 1980 televisheni zao zilianza kurusha vipindi vyenye maandishi yaliyofichwa ndani ya mawimbi, na mwenye kisanduku maalumu aliyaita yakajitokeza chini ya picha. Kuanzia Julai 1993 sheria ikataka kila televisheni mpya ya inchi 13 na zaidi iwe na uwezo huo ndani yake. Tanzania Bara tulikuwa hata televisheni hatuna. ITV ilianza mwaka 1994.

Nayajua haya kwa sababu ya aibu. Mimi na washikaji wawili tulikwenda Nyarugusu, Geita, tukapiga picha za wachimbaji wadogo: duara, karasha, watu wanaoosha mchanga. Mzee mmoja alizungumza Kisukuma na Kiswahili kwa mchanganyiko, nasi tukamwekea maandishi ya Kiswahili chini. Binamu ndiye niliyemfikiria. Tukayachomea maandishi kwenye picha yenyewe, tukamaliza. Tukaionyesha ukutani, watu wakapiga makofi.

Binamu hakupiga. Alichukua simu yangu akaandika: "Mnawafundisha watu kujiua?"

Mzee alikuwa amesema, "Zebaki huchomei ndani." Sisi tukaandika, "Zebaki huchomea ndani." Herufi moja. Wenye masikio walimsikia mzee, hawakusoma. Aliyesoma aliambiwa ajifungie na mvuke wa sumu. Na kusahihisha hatukuweza: kompyuta ilikuwa imeshauzwa, kazi ya awali imepotea, maandishi yameganda kwenye picha kama rangi ukutani.

Tangu hapo nikajifunza kuyatoa maneno kwenye faili lake peke yake, na ndipo nikamkumbuka Notcutt na sahani zake. Faili la SRT, lililoanza na programu ya SubRip mnamo mwaka 2000, ni kitu cha kawaida kabisa: namba, muda wa kuingia na wa kutoka, kisha maneno. Unalifungua hata kwa programu ya kuandikia, unabadilisha "a" kuwa "i", kazi imekwisha. VTT ni nduguye wa kwenye intaneti. Linaanza na neno WEBVTT, na sehemu za sekunde hutengwa kwa nukta badala ya mkato. SCC ni la televisheni ya Marekani, limejaa alama za mashine ambazo jicho halisomi, na mstari wake hauzidi herufi 32.

Kasoro ya sahani nayo ipo bado. Maandishi yaliyopimwa kwa filamu ya fremu 24 kasoro kidogo kwa sekunde, ukiyaweka kwenye ileile iliyoharakishwa kufikia fremu 25, baada ya saa moja yamepishana na picha kwa karibu dakika mbili na nusu. Na usipochagua UTF-8 wakati wa kutoa faili, kile kialama cha ng'ombe kinaweza kugeuka makorokoro. Usukumani, jamani, ng'ombe akiharibika tumebaki na nini?

Wenzangu mnaoshika kamera na kalamu, hifadhini faili la maneno kama mnavyohifadhi picha, na kabla hamjaonyesha, mpeni asome yule anayeyategemea. Filamu yetu tumeitengeneza upya. Safari hii faili la SRT lilipita kwanza mikononi mwa binamu. Alirudisha masahihisho 11, na mahali pawili aliongeza maneno ambayo sisi hatukuona haja ya kuyaandika: "Karasha linanguruma." "Watu wanacheka."