Kitundu Kidogo, Injini Kubwa: Kisa cha Merlin

Tusomapo historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aghalabu hukutana na majina ya majemadari na ya miji iliyotekwa. Injini hazitajwi sana. Hata hivyo, mapigano ya angani ya mwaka 1939 hadi 1945 yaliutegemea mtambo uliokuwa puani mwa ndege kama yalivyoutegemea ushujaa wa rubani. Makala haya yanaitazama injini moja tu, Merlin ya kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza, ili kuonyesha jinsi chombo kikubwa kinavyostawi kwa kusahihishwa hatua kwa hatua.

Merlin iliwashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1933. Ilikuwa na silinda 12 zilizopangwa safu mbili kwa umbo la herufi V, na ujazo wake ulikuwa lita 27. Kazi yake ilifuata kanuni ya injini za pistoni zinazotumia petroli: mchanganyiko wa hewa na petroli huwaka ndani ya silinda, moto ukaisukuma pistoni, nayo pistoni ikauzungusha mhimili unaoendesha rafadha. Injini hiyo ndiyo iliyotiwa katika ndege za kivita za Hurricane na Spitfire.

Vita vilipoanza, marubani wa Uingereza waligundua jambo la kutisha. Ndege ya Kijerumani aina ya Messerschmitt Bf 109 ilipofukuzwa, rubani wake aliweza kuiinamisha pua ghafla na kupiga mbizi. Mwingereza alipomfuata kwa njia ile ile, injini yake ilikatika kwa muda. Sekunde chache hizo zilitosha kumponyosha adui, au kumgeuza mwindaji kuwa windo.

Sababu ilikuwa katika kabureta. Ndege ilipoinama ghafla, petroli iliyokuwa ndani ya kabureta ilirushwa juu, nayo injini ikakosa mafuta. Kisha boya linaloongoza valvu likapotea mahali pake, valvu ikafunguka wazi, na pampu ikaleta petroli kwa wingi hata injini ikapaliwa. Injini ya Kijerumani ya Daimler-Benz DB 601 haikuwa na udhaifu huo, kwa kuwa petroli yake ilipulizwa moja kwa moja ndani ya silinda.

Je, Waingereza walikuwa wazembe? La hasha. Kabureta ilichaguliwa kwa hoja: petroli inapogeuka mvuke kabla ya kufika katika silinda huipoza hewa, na hewa iliyopoa hushindiliwa kwa wingi zaidi, hivyo nguvu huongezeka. Kila faida ina gharama yake, na gharama ya chaguo hili ililipwa na vijana waliokuwa angani. Katika mapigano makali ya mwaka 1940 iliwabidi kwanza waibinue ndege ubavu ndipo wapige mbizi, ili petroli isirushwe juu.

Aliyeleta nafuu ni mhandisi Beatrice Shilling wa taasisi ya utafiti wa ndege ya Farnborough, ambaye jina lake linafanana na la sarafu tunayoitumia Afrika Mashariki. Alibuni kipande kidogo cha madini chenye tundu, kikatiwa katika njia ya petroli. Tundu lilipimwa lipitishe kiasi kile tu ambacho injini ilihitaji inapofanya kazi kwa nguvu zote, wala lisizidishe. Mapema mwaka 1941 yeye na kikosi chake kidogo walizunguka katika viwanja vya ndege wakikifunga. Haikuwa tiba kamili, kwani rubani hakuweza kuruka kichwa chini kwa muda mrefu. Lakini injini haikupaliwa tena. Kabureta bora zaidi zilifuata baadaye. Wahenga hawakukosea waliposema: usidharau wembamba wa reli, gari moshi hupita.

Tatizo la pili lilikuwa kimo. Juu sana hewa ni haba, na injini hutweta kama mpanda mlima. Merlin ilikuwa na feni ya kushindilia hewa, lakini haikutosha. Stanley Hooker, mtaalamu wa hesabu aliyejiunga na kampuni mwaka 1938, aliichunguza feni hiyo kwa mahesabu na kuonyesha namna ya kuiboresha. Hatimaye zikatumika feni mbili zikifuatana, pamoja na kifaa cha kuipoza hewa. Kutokana na hayo, na petroli iliyo bora zaidi, injini iliyotoa nguvu za farasi zipatazo 1,000 mwaka 1939 ilitoa zaidi ya 1,500 mwaka 1942, na ujazo wake ukiwa ule ule wa lita 27. Kampuni ya Packard ya Marekani nayo iliunda Merlin zaidi ya 55,000.

Mwaka 1944 ndege za jeti ziliingia vitani, na enzi ya pistoni katika ndege za kivita ikaanza kuzama. Walimu wenzangu, tusiufiche ukweli kwamba maarifa haya yalikuwa ya kuulia watu. Lakini tuwaeleze wanafunzi pia kwamba Merlin haikuzaliwa kamili. Ilikamilishwa na watu waliokubali kuitazama kasoro yake bila kuionea haya, wakaipima, kisha wakaishughulikia, hata ilipokuwa tundu dogo tu.