Geoffrey Oryema: Safari ya albamu sita za mwana wa Anaka

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

WAHENGA walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Msemo huo umetumika mara nyingi kuwahukumu wanamuziki wa Afrika Mashariki waliohamia Ulaya, wakashika gitaa na kuimba kwa lugha za wenyeji wao wapya.

Hata hivyo, maisha ya marehemu Geoffrey Oryema, mtunzi na mwimbaji kutoka Uganda, yanaonyesha kwamba hukumu hiyo haifai kutolewa kwa haraka.

Kati ya mwaka 1990 na 2010 Oryema alitoa albamu sita. Katika albamu hizo msikilizaji anaweza kufuatilia, hatua kwa hatua, jinsi muziki wa asili wa Waacholi ulivyokutana na roki ya Ulaya, na jinsi mtu aliyepoteza nchi alivyotafuta mahali pa kusimama ndani ya wimbo.

Mtoto wa nanga na jukwaa

Oryema alizaliwa Aprili 16, 1953 mjini Soroti, mashariki mwa Uganda. Ukoo wake ni wa Waacholi wa Anaka, kaskazini mwa nchi hiyo, na jina la kijiji hicho halikumtoka kinywani hadi mwisho wa uhai wake.

Baba yake, Erinayo Wilson Oryema, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1971 akawa waziri katika serikali ya Idi Amin. Mzee huyo alikuwa pia mpigaji wa nanga, ala ya nyuzi saba ya Waacholi. Wahaya wa Kagera wanayo ala ya jamii hiyo hiyo, ambayo huiita enanga.

Mama yake aliongoza Heartbeat of Africa, kundi la taifa la ngoma lililoipeperusha bendera ya Uganda nchi za nje. Kwa hiyo kijana huyo alikulia kati ya nyuzi za baba na ngoma za mama, akajifunza pia filimbi, gitaa na lukeme, yaani marimba ndogo inayopigwa kwa vidole gumba.

Wito wake wa kwanza, hata hivyo, ulikuwa maigizo. Katika miaka ya 1970 alisomea sanaa ya jukwaa mjini Kampala na kuanzisha kundi la Theatre Limited, lililochanganya masimulizi ya Kiafrika na mbinu za maigizo za Ulaya. Mafunzo hayo yalimfaa baadaye, kwani katika nyimbo zake husikika mtu anayejua lini anyamaze.

Ndani ya buti la gari

Februari 1977 baba yake aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda na waziri mwingine, Charles Oboth Ofumbi. Serikali ya Amin ilitangaza kwamba watu hao watatu walikufa katika ajali ya gari. Maelezo hayo hayakuaminiwa ndani wala nje ya Uganda.

Geoffrey, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 24, alitoroshwa akiwa amefichwa ndani ya buti la gari hadi akavuka mpaka na kuingia Kenya. Kutoka huko alikwenda Ufaransa, nchi iliyokuwa makazi yake kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Utawala wa Amin uliangushwa Aprili 1979, baada ya Vita vya Kagera, na majeshi ya Tanzania yakishirikiana na Waganda waliokuwa uhamishoni. Oryema hakurudi. Ilimchukua takriban miaka 40 kukanyaga tena ardhi ya Uganda.

'Exile': nyuzi chache, maneno machache

Mwaka 1990 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia na mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, ilitoa albamu yake ya kwanza, Exile, yaani uhamisho. Mtayarishaji wake alikuwa Brian Eno, mmoja wa watayarishaji wenye heshima kubwa katika roki ya Uingereza.

Uamuzi mkubwa wa albamu hiyo ni kutojaza. Nanga, lukeme na gitaa vimeachiwa nafasi, na vinanda vya umeme vya Eno vimekaa nyuma kama ukungu wa asubuhi. Juu yake inasimama sauti ya Oryema, nzito inaposhuka na nyembamba inapopanda, akiimba zaidi kwa Kiacholi.

Wimbo Land of Anaka unamrudisha msikilizaji katika kijiji cha mababu. Ukubwa wa wimbo huo umeongezeka kadiri miaka ilivyopita, kwa kuwa katika miaka ya 1990 vita kati ya serikali na waasi wa Lord's Resistance Army viliwafukuza Waacholi kutoka vijijini, na Anaka ikageuka kuwa kambi ya watu waliokimbia makazi yao. Alichokiimba Oryema kama kumbukumbu ya mtu mmoja kikawa kumbukumbu ya watu wote.

Wimbo mwingine wa albamu hiyo, Ye Ye Ye, ulichaguliwa kuwa utambulisho wa Le Cercle de minuit, kipindi cha usiku cha televisheni ya Ufaransa. Hivyo Wafaransa wengi waliizoea sauti yake kabla ya kulijua jina lake.

Mwaka 1991 alishiriki katika I'm Your Fan, albamu ya kumuenzi mtunzi wa Kanada Leonard Cohen, kwa kuimba Suzanne. Vyombo vya habari vikampa jina la "Leonard Cohen wa Afrika". Jina hilo lilimsaidia kujulikana, ingawa lilificha ukweli kwamba mashairi yake yalianzia kwa wazee wa Anaka.

Kuvuka mpaka kwa mara ya pili

Albamu ya pili, Beat the Border, ilitoka mwaka 1993. Jina lake linazungumzia kuushinda mpaka, na muziki wenyewe unafanya hivyo: midundo ni mizito zaidi, magitaa ni mengi, na bendi inasikika kama bendi.

Hata hivyo Oryema hakuiacha nyumba. Wimbo Lapwony una jina la Kiacholi lenye maana ya mwalimu, Payira Wind unabeba jina la ukoo maarufu wa Waacholi, na upo pia wimbo unaoitwa kwa Kiswahili, Umoja. Katika albamu ya kwanza mkimbizi alitazama nyuma. Katika hii ya pili anatembea, akiwa na mzigo wake begani.

Mwaka 1994 aliungana na mpiga ngoma Manu Katché na mwimbaji wa rege Tonton David, wakarekodi Chacun sa route kwa ajili ya filamu ya Ufaransa Un Indien dans la ville. Kundi hilo la muda liliitwa K.O.D., herufi za kwanza za majina yao, na wimbo huo ulipendwa mno nchini humo.

Miaka ya gitaa

Mwaka 1996 ilitoka Night to Night, ya tatu na ya mwisho katika safari yake ya albamu na Real World wakati huo. Hapa Kiingereza kinachukua nafasi kubwa na gitaa linakuwa uti wa mgongo. Wimbo Bye Bye Lady Dame ungeweza kupigwa katika redio yoyote ya roki ya Ulaya bila mtangazaji kulazimika kueleza mwimbaji ametoka wapi.

Hapo ndipo swali la mwacha mila linapokuwa zito. Je, mtu aliyeanza na nanga ya baba yake alikuwa amejisahau?

Jibu limo katika utunzi wenyewe. Nyimbo za kipindi hiki bado zinajengwa kwa duru fupi inayorudiwa rudiwa, kama inavyofanya lukeme, na sauti bado inasimulia kuliko kupamba. Kilichobadilika ni ala. Mwendo wa wimbo ulibaki wa nyumbani.

Spirit ya mwaka 2000 na Words ya mwaka 2004 zilimweka zaidi katika kundi la watunzi wa kimataifa. Julai 2, 2005 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Afrika waliotumbuiza Cornwall, Uingereza, katika tamasha lililokuwa sehemu ya Live 8. Jukwaa hilo alilishiriki na Ayub Ogada wa Kenya, mpiga nyatiti ambaye naye alikuwa ametoa albamu yake En Mana Kuoyo kupitia Real World mwaka 1993.

Albamu ya sita, From the Heart, ilitoka mwaka 2010.

Kurejea na kuaga

Desemba 2016 Oryema alirejea Uganda na kufanya onyesho mjini Kampala. Aliondoka kijana akiwa gizani ndani ya buti. Alirudi mzee akiwa mbele ya taa za jukwaa.

Hakukaa muda mrefu duniani baada ya hapo. Alifariki dunia Juni 22, 2018 mjini Lorient, magharibi mwa Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 65, baada ya kuugua saratani.

Funzo kwa wasanii wa mpakani

Kwa wakazi wa Tunduma, mpaka ni jambo la kila siku. Mtu hununua bidhaa Nakonde upande wa Zambia na kurudi kula chakula cha mchana nyumbani, na Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mstari. Historia ya Oryema inakumbusha kwamba kwa wengine mstari huo huo huvukwa mara moja tu, na kwa woga.

Lakini lipo funzo la karibu zaidi. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una ngoma na nyimbo za Kinyiha na Kinyamwanga ambazo vijana wanaoingia studio huziona kuwa mambo ya wazee. Tanzania nayo ilikuwa na marehemu Hukwe Zawose, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambaye marimba zake za Kigogo zilifika Real World bila kubadilishwa jina wala lugha.

Zawose alibaki na ala zake. Oryema alizichanganya na za wageni. Njia zao ni mbili tofauti, ila wote walianza na kitu walichokijua kwa undani kabla ya kutafuta cha mwenzao. Gitaa halikumfanya Oryema mtumwa, kwa sababu lilimkuta tayari ana wimbo.

Albamu zake kwa ufupi

Exile (1990)
Beat the Border (1993)
Night to Night (1996)
Spirit (2000)
Words (2004)
From the Heart (2010)