Mitambo ya maji na umeme: milango iliyoachwa wazi kwenye intaneti

Jumamosi ya tarehe 25 Novemba 2023, kengele ya tahadhari ililia katika mamlaka ya maji ya Aliquippa, mji mdogo ulio karibu na Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Katika kituo kimoja cha kusukuma maji, kifaa kinachoongoza presha ya maji yanayokwenda kwenye vitongoji viwili jirani kilikuwa kimeacha kufanya kazi. Skrini yake ilionyesha ujumbe wa kundi linalojiita CyberAv3ngers, uliosema kwamba kila kifaa kilichotengenezwa Israel ni shabaha halali. Watumishi wa mamlaka walikitenga kifaa hicho na kuziendesha pampu kwa mkono. Maji hayakukatika wala hayakuchafuliwa.

Siku chache baadaye, serikali ya Marekani ililihusisha kundi hilo na Jeshi la Walinzi wa Mapinduzi la Iran, na mwezi Februari 2024 ikawawekea vikwazo maafisa sita wa jeshi hilo. Kwa sehemu kubwa, habari ilisimuliwa kama tukio la vita kati ya mataifa. Hata hivyo, maelezo ya kiufundi yaliyotolewa na mashirika ya usalama ya Marekani yalikuwa na jambo dogo ambalo lina uzito kuliko siasa zote hizo. Kifaa cha aina hiyo, kilichotengenezwa na kampuni ya Unitronics ya Israel, hutoka kiwandani kikiwa na neno la siri lililowekwa na mtengenezaji, nalo ni 1111. Vingi kati ya vilivyovamiwa vilikuwa vimeunganishwa moja kwa moja na intaneti, neno hilo likiwa halijabadilishwa au hakuna neno lolote. Kwa hesabu iliyotolewa baadaye, vifaa visivyopungua 75 viliingiliwa, 34 kati yake vikiwa katika huduma za maji na majitaka nchini Marekani.

Kuuita ufundi wa namna hii udukuzi ni kuupa heshima kubwa mno. Aliyekuta mlango umerudishiwa bila komeo hakuvunja nyumba.

Nchini Ireland, wimbi hilo hilo halikuishia kwenye ujumbe wa skrini. Mapema Desemba 2023, mradi mdogo wa maji katika eneo la Erris, kaunti ya Mayo, ulikuwa na kifaa cha aina hiyo. Kilipovamiwa, pampu zilisimama, na zaidi ya nyumba 150 zilikaa siku mbili bila maji. Wakazi hao hawakuwa na uhusiano wowote na ugomvi wa Iran na Israel. Walikuwa na pampu iliyonunuliwa kwa nia njema, na kisanduku ambacho hakuna aliyekikumbuka.

Kisanduku chenyewe

Wahandisi hukiita PLC. Ni kompyuta ndogo, ngumu, isiyoogopa vumbi wala joto, inayofungwa ndani ya kabati la umeme karibu na mashine. Kazi yake ni kusoma vipimo, kama vile kina cha maji kwenye tangi, joto la tanuri au kasi ya mkanda wa kusafirishia, kisha kutoa amri: washa pampu, funga vali, punguza mwendo. Hufanya hivyo mara nyingi kwa kila sekunde, mwaka baada ya mwaka. Viwanda vya saruji, sukari na bia, visima vya miji, vituo vya umeme, mabomba ya mafuta, vyote hutegemea vifaa vya jamii hii.

Vilibuniwa katika zama ambazo adui wa mtambo alikuwa kutu na kukatika kwa umeme. Modbus, mojawapo ya lugha ambazo vifaa hivi huzungumza hadi leo, ilitolewa mwaka 1979. Katika umbo lake la asili haina namna ya kumuuliza anayetoa amri yeye ni nani. Amri ikifika na ikiwa imeandikwa sawasawa, hutekelezwa. Kwa wakati wake huo haukuwa uzembe, kwa kuwa waya ulianzia chumba cha udhibiti na kuishia kwenye mashine, na aliyetaka kutoa amri alilazimika kwanza kupita kwa mlinzi wa lango.

Lango hilo lilipotea taratibu. Mhandisi alitaka kuona kina cha tangi lililo umbali wa kilomita 40 bila kuendesha gari. Mkandarasi alitaka kurekebisha hitilafu akiwa ofisini kwake, labda katika nchi nyingine. Wakurugenzi walitaka takwimu za uzalishaji kwenye simu zao. Kila ombi lilikuwa la haki na liliokoa fedha za kweli. Mara nyingi likatimizwa kwa njia rahisi kuliko zote: modemu yenye laini ya simu ikachomekwa kwenye kabati, na kifaa cha miaka mingi iliyopita kikapata anwani kwenye intaneti ya dunia nzima.

Tangu mwaka 2009 kumekuwa na tovuti ya Shodan, ambayo huorodhesha vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti kama vile injini nyingine za utafutaji zinavyoorodhesha kurasa za habari. Mtafiti huitumia kuonya, na mvamizi huitumia kuchagua. Kwa sababu hiyo, udogo wa mji au umaskini wa mamlaka si kinga. Anayetafuta hatafuti Aliquippa wala Erris. Anatafuta aina fulani ya kifaa, na orodha inampa majina ya mahali ambapo hajawahi kupasikia.

Mali ya nani?

Katika taasisi nyingi, kompyuta za ofisini zina mwenyewe anayejulikana: idara ya TEHAMA. Pampu na mota zina mwenyewe pia: idara ya uhandisi. Kifaa kinachoongoza pampu kupitia mtandao kiko katikati. Watu wa TEHAMA hawakigusi, kwa sababu wakikizima kwa bahati mbaya mji utakosa maji. Wahandisi wanakijua kwa undani, lakini kwao kifaa kizuri ni kile kisichosumbua, na kilichofanya kazi miaka 15 bila kuguswa ni cha kusifiwa. Aliyekifunga alilipwa, akaondoka. Huenda hakipo hata kwenye orodha ya mali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali haijapotea, ila aliyeipata kwanza ni mtu wa mbali.

Ni haki pia kuwatetea wahandisi. Kompyuta ya ofisini inaweza kuzimwa usiku ili ipokee marekebisho ya programu, lakini tanuri la saruji haliwezi. Kusimamisha mtambo kwa saa chache ni hasara inayoonekana kwenye hesabu za mwezi, ilhali uvamizi ambao haujatokea hauonekani popote. Tena, marekebisho yasiyojaribiwa yanaweza kuuharibu mtambo kuliko mvamizi. Ndiyo maana bado kuna mashine zinazoongozwa kwa Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia mwezi Aprili 2014. Kosa si kuchelewa kurekebisha. Kosa ni kukiacha kifaa kisichoweza kurekebishwa kikiwa wazi mbele ya dunia.

Uzembe huu hauhitaji hata intaneti ili uwe hatari. Mwaka 2017, kiwanda kimoja cha kemikali nchini Saudi Arabia kilivamiwa kwa programu hasidi iliyopewa jina la Triton. Ililenga vifaa vya usalama, yaani vile vinavyozima mtambo kabla haujalipuka. Vifaa hivyo vina ufunguo wa chuma wa kuzungusha kwa mkono, unaozuia programu yake kubadilishwa. Ufunguo ulikuwa umeachwa katika nafasi ya kuruhusu mabadiliko. Wavamizi walikosea katika programu yao, mtambo ukazimika wenyewe, na hapo ndipo uchunguzi ulipoanza.

Madhara yanapokuwa makubwa

Tarehe 23 Desemba 2015, waendeshaji wa gridi ya umeme katika mkoa wa Ivano-Frankivsk, magharibi mwa Ukraine, waliona kishale cha kompyuta kikitembea chenyewe kwenye skrini na kuzima vituo vya umeme kimoja baada ya kingine. Kampuni tatu za usambazaji zilivamiwa, na wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme kwa saa kadhaa katika baridi ya Desemba. Wavamizi walikuwa wameingia miezi mingi kabla, kwa barua pepe zenye viambatisho vya kawaida vya ofisini. Wakaiba maneno ya siri ya wafanyakazi na kuyatumia kuingia kwenye mifumo ya udhibiti kutoka mbali. Njia hiyo haikudai uthibitisho wa hatua ya pili.

Umeme ulirudi kwa njia ya kizamani. Mafundi waliingia kwenye magari, wakaenda kwenye vituo na kurudisha swichi kwa mikono. Waliweza kwa sababu vituo hivyo bado vilikuwa na swichi za kushikwa. Mtambo mpya ambao hauna njia ya kuendeshwa bila kompyuta hauna bahati hiyo, na hili ni jambo la kuulizwa kabla ya mkataba wa ununuzi kusainiwa.

Tukio jingine lilitokea Norway. Mwezi Aprili 2025, vali ya bwawa dogo katika eneo la Bremanger, magharibi mwa nchi hiyo, ilifunguliwa kutoka mbali. Maji yakamwagika kwa takribani lita 500 kwa sekunde, kwa muda wa saa nne, kabla mtu hajagundua. Hakuna aliyeumia. Mmiliki alishuku kwamba neno la siri lilikuwa dhaifu, na mwezi Agosti mkuu wa idara ya usalama wa ndani ya Norway aliwataja wadukuzi wanaoiunga mkono Urusi. Ukubwa wa maji si hoja. La kutisha zaidi ni hizo saa nne.

Barani Afrika, pigo linalokumbukwa sana ni la Transnet, shirika la umma linaloendesha bandari na reli za Afrika Kusini. Tarehe 22 Julai 2021, mifumo yake ya kompyuta ilivamiwa, na shughuli za makontena zikakwama Durban, Cape Town, Ngqura na Port Elizabeth. Kreni zilikuwa nzima na meli zilikuwa majini, lakini bila mfumo hapakuwa na namna ya kujua kontena lipi ni la nani, kwa hiyo watumishi wakarudi kwenye karatasi. Shirika lilitangaza kwamba halingeweza kutimiza mikataba yake kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Durban si bandari ya Afrika Kusini peke yake. Shaba na kobalti za Zambia na Katanga hufika huko kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na bidhaa za kwenda Lubumbashi hupita njia hiyo hiyo kurudi.

Tukio la Transnet linaonyesha pia kwamba mtambo unaweza kusimama bila kuguswa. Ndivyo ilivyokuwa mwezi Mei mwaka huo huo kwa Colonial Pipeline, kampuni ya Marekani inayosafirisha karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Wavamizi waliingia kwenye kompyuta za ofisini kwa kutumia akaunti ya zamani ambayo haikutumika tena lakini haikufutwa, iliyolindwa kwa neno la siri peke yake. Kampuni ililizima bomba lenyewe kwa hofu, kisha ikalipa fidia ya dola milioni 4.4.

Nani wa kulazimisha?

Mwezi Machi 2023, shirika la mazingira la Marekani liliyaagiza majimbo yakague usalama wa mitandao yanapokagua huduma za maji. Majimbo ya Missouri, Arkansas na Iowa, pamoja na vyama vya watoa huduma za maji, yalikwenda mahakamani, na mwezi Oktoba agizo likaondolewa. Wiki sita baadaye kengele ililia Aliquippa. Malalamiko ya gharama yalikuwa ya kweli, kwa kuwa mamlaka nyingi za maji ni ndogo na hazina hata mtaalamu mmoja wa kompyuta. Ila kubadilisha 1111 hakugharimu chochote.

Kwa upande wa Afrika, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao ulipitishwa Malabo mwaka 2014 na ukaanza kutumika Juni 2023, miaka tisa baadaye. Kenya, kwa sheria yake ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, iliweka utaratibu wa kuitambua miundombinu muhimu ya habari na kuwadai wamiliki wake waikague. Sheria kama hiyo hufika ofisini kwa mkurugenzi mapema kuliko inavyofika kwenye kabati la pampu. Kwa fundi aliye kwenye kituo, mambo ya lazima ni machache: kifaa kisiwe wazi kwenye intaneti, neno la siri la kiwandani libadilishwe, anayeingia kutoka mbali athibitishwe kwa hatua mbili, na nakala ya programu ya mtambo ihifadhiwe mahali pengine. Hilo la mwisho husahaulika kuliko yote, na ndilo linaloamua kama huduma itarudi kwa saa moja au kwa wiki nzima.

Baada ya tukio la Aliquippa, Unitronics ilitoa programu mpya inayomlazimisha mtumiaji kubadilisha neno la siri. Umoja wa Ulaya nao umepitisha sheria inayowataka watengenezaji wauze vifaa vilivyo salama tangu vinapowashwa, na kuvihudumia kwa marekebisho kwa miaka kadhaa. Masharti yake makuu yataanza kutumika tarehe 11 Desemba 2027, na kwa kuwa viwanda vya Afrika hununua vifaa vingi vya Ulaya, faida yake itavuka bahari. Vifaa vilivyoingia sokoni kabla ya tarehe hiyo havibanwi na masharti hayo, isipokuwa vikifanyiwa mabadiliko makubwa. Hivyo vinamsubiri mtu afike kituoni na kompyuta yake, afungue kabati na kuvishughulikia kimoja kimoja.