Bwawa la Nairobi: Ziwa Lililozibwa na Historia

Kila mwaka huwapeleka wanafunzi wangu kwenye ukingo wa Bwawa la Nairobi, baina ya Kibera na Lang'ata, nikawauliza: maji yako wapi? Wao huona uwanda wa kijani, magugu maji yaliyoshikana, na kandokando vishamba vya mboga. Mmoja aliwahi kunijibu kwamba huenda tumepotea njia. Hatukuwa tumepotea. Tulikuwa tumesimama mbele ya ziwa la jiji.

Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1953 kwa kuuzuia Mto Motoine, ili liwe akiba ya maji ya Nairobi. Lilienea takriban ekari 88, lakini kina chake kilikuwa kidogo, wastani usiofika mita 3. Juu yake mashua za tanga zilishindana, na watu walivua samaki kwa kujiburudisha. Lakini tuutazame mwaka wenyewe. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na Aprili 1954 maelfu ya Waafrika walikamatwa jijini katika Operesheni Anvil. Starehe ya ziwani na msako wa mitaani vilikuwa vya mji mmoja na utawala mmoja.

Jirani na bwawa waliishi Wanubi, askari wa Keya na jamaa zao, waliokaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la Kibera limetokana na neno lao lenye maana ya msitu. Wakoloni waliwatumia vitani, ila wakawahesabu kuwa wakaaji wasio na haki ya kudumu katika ardhi. Palipokosekana haki hiyo, hapakuchimbwa mifereji ya maji taka. Baada ya uhuru mwaka 1963 watu waliongezeka mno, na serikali yetu ikairithi hoja ile ile kwa jina jipya: makazi yasiyo rasmi.

Maji hufuata mkondo. Uchafu uliokosa mfereji uliingia mtoni, na mto ukaupeleka bwawani. Rutuba yake ikayalisha magugu maji, udongo ukapunguza kina ambacho tangu hapo kilikuwa kidogo, hewa ikapungua majini na samaki wakafa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, magugu yalikuwa yamelifunika ziwa. Mzee mmoja wa hapo aliniambia kwamba utotoni alivua samaki kwa uzi na pini iliyopindwa, akichungulia asionwe na mlinzi. "Siku hizi hakuna wa kunifukuza," alisema, "na hakuna wa kuvua."

Naieleza historia hii kwa sababu kila inapozungumzwa habari ya kulifufua bwawa, mazungumzo huanzia kwenye magugu na huishia kwenye nyumba za maskini. Ni kweli kwamba uchafu mwingi umepitia Kibera. Lakini mtu aliyenyimwa choo kwa miongo kadhaa hawezi kushtakiwa peke yake kwa kuchafua mto. Wanubi walipata hati ya ardhi ya jamii, ekari 288, mwaka 2017 tu, zaidi ya karne moja baada ya kufika.

Katiba ya 2010 inatamka katika Ibara ya 43 kwamba kila mtu ana haki ya huduma za usafi zinazoridhisha, na katika Ibara ya 62 kwamba mito na maziwa ni ardhi ya umma. Ibara hizo mbili zisomwe pamoja. Mtumishi wa umma atakayepewa faili la bwawa hili na aanze na mabomba ya maji taka. Mashua na ndoana zitafuata. Akianza na tingatinga, atawahamisha watu, na magugu yatarudi.

Maji yanayotoka hapo huitwa Mto Ngong, huingia Athi, na mwishowe humwagika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Aliye pwani asidhani kwamba jambo hili ni la Kibera pekee.